BMW ya mama imetolewa kwenye Motability, sasa tufanyeje?

"Shikamoo mtaalamu. Tunaishi Leicester, mama ana miaka 61, alipata stroku 2019 na upande wa kushoto haujarudi sawa, ndani anatembea na fimbo, nje tunatumia wilichea. Anapata PIP (hela ya serikali kwa wenye ulemavu) ile ya juu upande wa kutembea na tangu hapo tumekuwa na gari la Motability, ule mpango wa kukodi gari kwa hela hiyo ya PIP, sasa hivi tuna BMW X1 na lisi yake, yaani mkataba wa kukodi, inaisha Januari 2027. Madereva ni mimi (nina 26) na mjomba. Juzi nimepita kwa dila nikaambiwa BMW hamna tena, alafu kuanzia Julai bei zinapanda sababu ya VAT. Kwenye grupu la wasap la familia mjomba anasema serikali inaua mpango mzima, turudishe gari sasa hivi tuchukue jingine kabla ya Julai. Shangazi yeye anasema tuachane na Motability kabisa, mama apokee hela zake mkononi tukanunue used. Na je hii BMW watakuja kuichukua? Nimechanganyikiwa. Ukweli mama anaipenda sana hii gari, manake ndo ya kwanza anayoingia bila kusaidiwa."

Marahaba mwanangu, na mfikishie mama salamu. Umeuliza maswali manne kwa mpigo lakini sentensi yako ya mwisho, hiyo uliyoitupia tu kama vile haina uzito, ndo yenye jibu la nusu ya hayo mengine. Ntairudia. Kwanza tutoe hofu.

BMW yenu haichukuliwi na mtu. Walichofanya Novemba 2025 ni kutoa kwenye orodha zile brandi wanazoziita za kifahari, yaani BMW, Mercedes, Audi, Lexus na Alfa Romeo, ili mtu asiweze kuagiza mpya. Aliyekuwa na mkataba tayari anaendelea nao mpaka unaisha, kwa masharti yaleyale na hela ileile. Kwahiyo mpaka Januari 2027 mama anaingia kwenye X1 yake kama kawaida, sevisi inafanyika, tairi likiisha linabadilishwa, bima ipo. Anayesema kuna watu watakuja mlangoni kuchukua funguo anatisha watu bure.

Hili la "serikali inaua mpango" naelewa limetoka wapi, manake mwaka 2025 wote magazeti ya hapa yalikuwa yanapiga kelele kuhusu "magari ya bure", mara watu wanapewa BMW kwa sababu ya ugonjwa fulani mdogo, mara sijui nini, na wakati huohuo bungeni kulikuwa na vita nyingine kabisa ya kukaza masharti ya PIP. Watu wakachanganya vyote kwenye sufuria moja. Ile vita ya bungeni ilihusu PIP ya upande wa matunzo ya kila siku, sio upande wa kutembea unaolipia gari, na hata hiyo serikali ilirudi nyuma Julai 2025, ikaachia mapitio yanayoongozwa na waziri Stephen Timms ambayo yanatakiwa kumaliza vuli ya 2026. Halafu neno "bure" nalo ni uongo. Mama hapewi gari. Mama ana haki yake ya £77.05 kwa wiki (hiyo ilikuwa rate ya mwaka wa malipo wa 2025/26, kila Aprili inasogezwa), na badala ya kuipokea benki anaielekeza iende moja kwa moja kulipia lisi. Kwa wiki nne ni £308.20, kwa miaka mitatu ni kama £12,000. Mtu anayelipa £12,000 kukodi kitu na mwisho anakirudisha, huyo kapewa bure? Nenda kamwambie hivo yule jirani anayewachungulia.

Sasa kilichobadilika kweli. Cha kwanza ni hizo brandi tano. Cha pili kilitangazwa kwenye Bajeti ya Novemba 2025: kwa lisi mpya za kuanzia Julai 2026, ile hela ya juu mnayoongeza wenyewe mwanzoni, advansi, itatozwa VAT ya asilimia 20. Zamani haikuwa na VAT. Cha tatu, bima iliyomo ndani ya lisi itaanza kubeba kodi ya bima ya asilimia 12, ambayo nayo zamani ilisamehewa, na hii hutaiona imeandikwa pembeni kama risiti ya supamaketi, itakuwa imeingia kwenye bei ya jumla. Yale magari yaliyotengenezwa au kubadilishwa hasa kwa ajili ya mtu anayekaa kwenye wilichea yameachwa nje ya kodi zote mbili. Na ile sehemu inayolipwa na PIP yenyewe haina VAT. Hapo tulia kidogo: kama gari haina advansi, hakuna kitu cha kutozwa hiyo VAT. Kwahiyo swali la "bei zinapanda kiasi gani" jibu lake ni inategemea unachagua gari lenye advansi kubwa au ndogo, na magari yasiyo na advansi kabisa yanabaki kwenye orodha.

(Nikatishe hapa kidogo, manake vijana hamjui hii nchi ilikotoka. Kabla ya Motability kuanzishwa 1977, mlemavu hapa alikuwa anapewa na serikali kigari cha bluu cha magurudumu matatu, Invacar, fikiria bajaji iliyofungwa milango, yenye kiti kimoja tu, yaani huwezi kumbeba hata mtoto wako. Vilikuja kupigwa marufuku barabarani 2003. Wazo zima la Motability lilikuwa mtu achukue hela yake ya haki aende akachague gari kama raia mwingine yeyote. Ndo maana watu wengine wameumia kuona brandi zimetolewa hata kama wao wanaendesha Kia, wanaona ni kama mtu amewaambia "wewe usijifanye". Mimi pia sikupendezwa. Lakini kupenda na kutopenda hakutakuchagulia gari.)

Mimi kabla ya kuingia kwenye mambo ya ushauri nilikaa miaka kadhaa dawati la bei kwenye kampuni ya kukodisha magari, na kitu kimoja kilichonishangaza nilipoanza ni hiki: mteja wa lisi hanunui gari, ananunua upungufu wa thamani yake. Kampuni inanunua gari mpya, inakupa miaka mitatu, inarudisha, inaiuza mnadani. Tofauti kati ya ilivyonunuliwa na itakavyouzika ndo mzigo mkubwa kuliko yote kwenye bei yako, halafu juu yake wanaongeza bima, sevisi, tairi, kuvutwa ukiharibikiwa na riba ya mkopo waliochukua kununulia. Sasa tufanye mfano, namba hizi natunga ili uone hesabu tu. Gari la kwanza wamelipata kwa £27,000 na wanategemea kuliuza £18,000, limekula £9,000. Gari la pili wamelipata £22,000 lakini brandi yake inashuka vibaya, wanategemea £11,000, limekula £11,000. Weka £5,000 za bima na mengineyo kwa kila moja. La kwanza linagharimu £14,000, toa £12,000 za PIP, advansi ni £2,000. La pili ni £16,000, advansi £4,000. Umeona? La bei kubwa dukani limekuja rahisi kwako. Ndo siri ya BMW zenu zote hizo, hawakuwa wanawahonga watu, BMW ilikuwa inauzika vizuri ikirudi na tofauti iliyobaki mteja anajilipia mwenyewe mfukoni.

Ukiweka VAT kwenye mfano huohuo, advansi ya £2,000 inakuwa £2,400 na ya £4,000 inakuwa £4,800. Kodi inakuza tofauti ambayo tayari ipo. Kwahiyo mwaka huu ukiwa unaangalia orodha usiangalie beji wala bei ya shorumu, angalia advansi tu, tena kumbuka orodha ya Motability inabadilika kila robo mwaka, Januari, Aprili, Julai, Oktoba, gari lililokuwa na advansi ya £3,000 robo hii linaweza kuja robo ijayo na £1,500 au likapotea kabisa. Nshaona familia imekasirika na dila wakidhani kawadanganya kumbe walikuja mwezi wa tisa wakarudi mwezi wa kumi.

Na ndo maana pia bei zilianza kupanda zamani, kabla hata ya hii bajeti. Wakati wa uhaba wa chipu, baada ya korona, viwanda vilikuwa havina magari ya kuuza kwahiyo havikuwa na haja ya kumpa mnunuzi mkubwa punguzo. Alafu magari ya umeme used bei zake zikaanguka vibaya sana 2023, na mwenye kubeba hasara hiyo ni aliyekuwa na maelfu ya magari ya umeme yanayorudi kutoka lisi. Hasara ya namna hiyo kwenye dawati la bei tunaijua inaenda wapi: inaenda kwenye makadirio ya magari yanayofuata, yaani kwenye advansi yako.

Sasa ushauri wa mjomba, wa kurudisha BMW haraka kabla ya Julai. Mwambie kwa heshima kwamba hapana. Mkataba ni wa miaka mitatu, na kuukatisha katikati kunakubalika kwa sababu za maana kama hali ya mgonjwa imebadilika na gari halimfai tena, au PIP imesimama. "Naogopa VAT" sio sababu hiyo. Halafu hata kama wangekubali, ile advansi mliyolipia BMW ilikuwa ya miaka mitatu, mkiiacha kabla msitegemee itarudi yote, mnachoma hela mliyokwishalipa ili kukwepa kodi ya gari ambalo hamjalichagua. Na mtakuwa mmebadilisha gari analoingia mama bila msaada kwa gari mlilolikimbilia. Haina hesabu.

Ushauri wa shangazi unastahili kusikilizwa zaidi, na sintousema vibaya kwa sababu kuna watu unawafaa kabisa. Mama akipokea hela mkononi bado anabaki na msamaha wa kodi ya barabara, manake msamaha huo unafuata PIP ya juu na sio Motability, mradi gari limeandikishwa kwa jina lake au la dereva aliyemteua na linatumika kwa shida zake. Sasa tufanye tena hesabu ya mfano. Honda Jazz used ya £8,000, miaka mitatu unaiuza £4,500, imekula £3,500. Bima, na hapa ndo pagumu kwa sababu wewe una 26, tuseme £1,500 kwa mwaka, £4,500. Sevisi, MOT (ukaguzi wa lazima wa kila mwaka), tairi, na vitu vinavyovunjika, weka £800 kwa mwaka, £2,400. Huduma ya kuvutwa £300. Jumla £10,700, chini ya ile £12,000, na hamjalipa advansi. Kwenye karatasi shangazi kashinda.

Lakini karatasi haina giaboksi. Kwenye Motability gari ikifa barabarani saa mbili usiku mvua inanyesha na mama ndani, tatizo ni lao. Kwenye used tatizo ni lako, na giaboksi ya otomatiki inaweza kula mwaka mzima wa hela ya PIP. Pia unahitaji hiyo £8,000 leo, taslimu, na ukikopa kwa riba ya hawa jamaa wa magari used ushindi wa shangazi unayeyuka. Halafu kuna kitu watu hawakijui mpaka kimewakuta: miaka yote mliyoendesha kwenye bima ya Motability bila ajali haikuwa inajenga ile nokleimu bonasi ya kawaida (punguzo la bima kwa asiyedai fidia) kwa jina lako, manake ile ni bima ya fliti, yaani bima moja ya magari yao yote. Mnaweza kuomba barua inayothibitisha kwamba hamjapata ajali, makampuni mengine yanaikubali, mengine yanakutazama tu. Kabla ya uamuzi wowote omba bei ya bima kwa majina halisi, ya kwako na ya mjomba, na postikodi yenu. Leicester sio kijijini. Mara nyingi hiyo namba moja ndo inamaliza ubishi wa familia nzima.

Mimi ningewaambia wapokee hela mkononi kama dereva ni mtu mzima mwenye bonasi yake, gari linatembea kidogo tu, kliniki, sokoni, msikitini au kanisani, na kuna akiba ya kununulia na ya dharura. Kwenu ninyi, dereva mkuu wa miaka 26 na mgonjwa asiyeweza kusubiri kituo cha basi, naona lisi bado inawabeba. Ila ni maoni yangu, bei ya bima yenu ikija £700 nitabadilisha.

Swali hukuuliza lakini dila atakuuliza: umeme. Siku hizi magari mengi yenye advansi ndogo kwenye orodha ni ya umeme, na sababu yake sio huruma. Sheria ya hapa inawalazimisha watengenezaji wauze asilimia fulani ya magari yasiyotoa moshi kila mwaka, 22 mwaka 2024, 28 mwaka 2025, 33 mwaka 2026, wasipofikia wanapigwa faini kwa kila gari, kwahiyo wanaona bora wampe Motability punguzo nono. Ni dili zuri kwa mwenye sehemu ya kuchajia nyumbani. Kwa anayekaa kwenye zile nyumba zilizoungana za Leicester ambazo mlango unatokea barabarani moja kwa moja, hapana, au angalau fikirieni mara mbili. Umeme wa nyumbani una VAT ya asilimia 5, wa chaja za mitaani 20, na bei yenyewe kwa chaja za haraka ni mara mbili mara tatu ya nyumbani. Tena ile kebo ya chaja kubwa ni nzito, chaja nyingi zimepandishwa juu ya ukingo wa zege, siku wewe hupo na mjomba kaumwa mgongo, itakuwaje. Kama mna draivuei, yaani sehemu yenu ya kuegesha hapo nyumbani, uliza dila kuhusu kufungiwa chaja nyumbani kama sehemu ya lisi. Kama hamna, chagua ya petroli au haibridi na usione haya.

Turudi sasa kwa mama na hiyo X1. Anaingia bila kusaidiwa. Unadhani ni beji ile ya bluu na nyeupe mbele ndo inamwinua? Ni kimo cha kiti. Mtu wa stroku mwenye mguu mmoja dhaifu akikaa kwenye gari la chini anashuka kama anaangukia kisimani, na kutoka ndo balaa, anavuta mlango, anamvuta mtu. Kwenye gari lililo juu mno anapanda kama daladala. X1 kwake imeangukia katikati, pengine na mlango unaofunguka wazi na kizingiti kisicho kipana. Kwahiyo kesho asubuhi chukua futi, gari likiwa limesimama sehemu iliyonyooka, pima kutoka chini mpaka juu ya kiti cha mbele pale anapokalia, kiti kikiwa kwenye levo anayoitumia. Pima upana wa kizingiti, na kimo kutoka kwenye kiti mpaka dari. Pima buti pia, na wilichea ikiwa imekunjwa. Andika. Hizo namba ndo unachotafuta kwenye gari jipya, na magari yanayofanana na X1 kwa umbo bado yapo mengi kwenye orodha, Nissan Qashqai kwa mfano, ambayo hata inatengenezwa hapahapa Sunderland, na mpango wenyewe umetangaza unataka mpaka 2035 nusu ya magari yake yawe yametengenezwa Uingereza, kwahiyo ya aina hiyo sidhani kama yatapungua.

Kama mna shaka kwamba mama miaka mitatu ijayo atakuwa bado anahama kutoka wilichea kwenda kwenye kiti, hapo mazungumzo yanabadilika kabisa. Gari la kuingia na wilichea, lenye rampu nyuma, halina hizo kodi mpya, lisi yake ikiwa jipya ni miaka mitano, na yapo pia yaliyotumika kidogo kwa muda mfupi zaidi. Advansi yake inaweza kuwa kubwa, manake kukata sakafu ya gari na kuweka rampu ni kazi ya gharama. Usilichukue kwa ajili ya kukwepa VAT tu, ni gari kubwa, lina kelele, na mtu anayeweza kukaa mbele na dereva akipelekwa nyuma kwenye wilichea wakati haijafika wengine inawavunja moyo. Nimemuona mzee mmoja aligoma kutoka nyumbani miezi miwili. Lakini kama imefika, imefika, na mtu wa kuliangalia hilo sio mimi wala dila. Ombeni kupitia GP (daktari wenu wa mtaa) au kaunsili aje okupesheno therapisti, mtaalamu anayesaidia mgonjwa kumudu shughuli za kila siku, amwone mama akiingia na kutoka, au mpelekeni kwenye kituo cha tathmini ya udereva na usafiri wa walemavu, hivi vituo vipo nchi nzima chini ya mtandao wa Driving Mobility na vinapima abiria pia, watu wengi wanadhani ni vya madereva tu. Na mama mwenyewe kama ana hamu ya kurudi kuendesha, hukusema, waulizeni hapohapo. Mkono na mguu wa kushoto ukiwa ndo dhaifu, gari la otomatiki na kifundo cha kushikia kwenye usukani vimewarudisha wengi barabarani, na vifaa vingi vya namna hiyo mkiviagiza mwanzoni mwa lisi mnafungiwa bila kulipa zaidi. Ila DVLA, ofisi ya leseni za udereva, lazima wajue kwanza hali yake.

Hela ya advansi ikiwa kikwazo, kuna taasisi ya hisani, Motability Foundation, inatoa msaada kwa wenye kipato kidogo. Wataangalia kipato na akiba, na watalipia gari la bei nafuu linalokidhi hitaji, sio mnalolitamani. Hapo ndo barua ya okupesheno therapisti inakuwa dhahabu, manake "mama anapenda gari la juu" ni kitu kimoja na "mgonjwa hawezi kuinuka kwenye kiti kilicho chini ya kimo hiki" ni kitu kingine. Andaeni mapema, maombi yanachukua muda. Na kama barua ya kupitia upya PIP imekuja au inakaribia, msiagize chochote kabla ya kukaa na mtu wa Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, ana kwa ana, manake kujiunga na lisi mpya kunataka tuzo ya PIP iwe imebakiza angalau miezi 12, na ile fomu ya mapitio watu wetu wengi wanaijaza kwa aibu, wanaandika "anatembea vizuri kidogo" wakati hafiki mita 20. Andikeni siku mbaya ilivyo.

Kitu kimoja nisikifiche. Gari ni kwa faida ya mama. Hailazimu awe ndani kila safari, ukienda kumchukulia dawa au kumnunulia unga wa ugali ni sawa. Kwenda nalo kazini kila siku wakati yeye kakaa nyumbani, au mjomba kulipigia delivari za chakula usiku, hapana, wanafuatilia, na familia moja niliyoisaidia ilinyang'anywa gari kwa sababu kijana alikuwa anaishi nalo mji mwingine kabisa. Na maili pia: kwa miaka mingi lisi ya gari la kawaida iliruhusu maili 60,000 kwa miaka mitatu na watu wakazoea kutohesabu. Kwenye mkataba mpya soma namba iliyoandikwa na bei ya kila maili ya ziada kabla mama hajaweka sahihi, ndo kipengele rahisi kubana bila watu kugundua. Na yule binamu anayetaka lisi ikiisha mlipakie kontena liende Dar, mwambieni gari sio letu. Ikiisha mnaweza kuulizia kama wanawauzia, kwa bei ya soko, baada ya hapo ndo mtafikiria kontena.

Ratiba basi. Mwezi huu pima hiyo X1 na omba bei za bima kwa ajili ya ule mpango wa shangazi. Julai orodha mpya ikitoka tazama, usiagize. Oktoba tazama tena, wakati huo vumbi la kodi litakuwa limetulia kidogo na mtakuwa mmeshakaribia mwisho wa lisi, hapo ndo pa kuagiza, na ukishaagiza advansi mliyopewa inabaki hiyohiyo hata orodha ikibadilika. Nendeni na mama mwenyewe, asibaki nyumbani eti anapumzika, aingie na kutoka mara tatu kila gari, sio mara moja, manake mara ya kwanza kila mtu anajikaza mbele ya dila. Na avae vile viatu vyake vya kila siku, sio vya kutokea.